Banki ikibadilisha mwenyewe, pesa ya raia inabaki ya raia

Tangu familia nyingi zikimbie Kipese na vijiji vya jirani kuelekea Lubero na Butembo, swali moja linarudi kila siku kwenye redio: «Ile banki tuliyoweka akiba ilinunuliwa na Wakenya. Je, pesa yetu ingali yetu?» Ni swali la haki. Lakini naona hofu yetu inatazama upande usiofaa.

Tuanze na historia. Banki ya TMB ilianzishwa Lubumbashi mwaka 2004. Mwezi wa 12 mwaka 2022, kundi la KCB la Nairobi lilichukua hisa zake 85 kwa mia. KCB yenyewe ina asili ya Kiingereza. Zamani ilikuwa National Bank of India, yenye makao makuu London. Ilifungua Zanzibar mwaka 1892, kisha Mombasa mwaka 1896, wakati ule reli ya kwenda Uganda ilipoanza kujengwa. Mwaka 1958 ikaungana na Grindlays, banki nyingine ya London. Mwaka 1970 serikali ya Kenya ikachukua hisa 60 kwa mia, na jina la Kenya Commercial Bank likazaliwa. Mwaka 1976 serikali ikachukua zote, na tangu 1988 raia nao wakaanza kuuziwa hisa. Leo banki iliyotumwa na London imo mikononi mwa Waafrika, na imevuka mpaka hadi kwetu.

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Kampala waliona mfano mwingine. Barclays, banki ya Waingereza, ilitangaza mwaka 2016 kwamba inaachilia biashara yake ya Afrika. Baadaye vibao vyake vikashushwa, vikawekwa vya Absa ya Afrika Kusini. Tanzania ndiyo ilitangulia: mwezi wa 2 mwaka 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha banki za kigeni, na kazi yao ikaingia katika banki moja ya taifa.

Sasa tuelewane. Pesa uliyoweka banki ni deni ambalo wewe unaidai banki ikulipe, siyo zawadi uliyompa mwenye banki. Anayenunua banki ananunua nyumba, vitabu na madeni yake pamoja. Kwa hiyo kibao kikibadilika mlangoni, deni lako halifutiki. Jina jipya peke yake halikuli.

Kilichotula sisi ni kingine. Wazazi wetu wanakumbuka mwaka 1979, Mobutu alipofuta noti kubwa kwa ghafula. Wanakumbuka mwaka 1993, zaire 3.000.000 zilipogeuzwa kuwa zaire mpya 1, na mwaka 1998, zaire mpya 100.000 zilipogeuzwa kuwa franka 1. Akiba ya maisha ikawa bei ya chumvi. Halafu mwaka 2025, M23 ilipoingia Goma, banki zilifunga milango, na watu wenye pesa kwenye konti walilala njaa. Katika hayo yote, tatizo halikuwa Mwingereza wala Mkenya. Tatizo lilikuwa thamani ya pesa iliyooza, na mlango uliofungwa bila maelezo.

Ndiyo maana nasema: tusipoteze nguvu kuuliza mwenye banki ni wa kabila gani au nchi gani. Tuulize: mkimbizi wa ndani aliyeacha kadi yake ya uchaguzi ndani ya nyumba iliyochomwa, atatambuliwa namna gani kwenye dirisha la Butembo? Ikiwa mwenye konti amekufa porini, mjane atapitia wapi? Nani atamwelezea kwa Kiswahili na Kinande, siyo kwa barua ya Kifaransa iliyobandikwa ukutani? Banki zilizo na nguvu ya kununua banki nyingine kwa mamilioni ya dola haziwezi kushindwa kuweka mfanyakazi mmoja wa kuwasikiliza waliohama. Na Banki Kuu iwaamuru, isiwaombe.

Kwa upande wetu, ndugu wasikilizaji, kila mmoja aandike namba ya konti yake na kuiweka kwa mtu wa familia anayemwamini. Piga picha ya kadi yako na utume nakala kwa ndugu aliye mbali. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema ametumwa na banki. Wenye likilimba waandike daftari mbili, zikae nyumba mbili.

Mwenye banki atabadilika tena, maana ndivyo ilivyo tangu 1892. Mama wa Kipese aliyeuza viazi miaka kumi ili aweke dola mia mbili hastahili kungoja historia impe jibu. Anastahili kulipwa pesa yake leo, pale alipokimbilia.