Ziwa Tanganyika lipumzishwe kuanzia kando

Soko la Kirungu liko juu mlimani, na samaki wake hupanda kutoka Moba Port kule majini, mwambao wa Kongo, vichwani mwa akina mama na juu ya pikipiki. Ndakala, yaani dagaa wa ziwa hili, wakiadimika, Kirungu inajua siku hiyohiyo. Bei ya fungu haibadiliki sana, kwa kuwa mteja ana noti ileile mkononi; kinachobadilika ni fungu lenyewe. Linakuwa dogo, na samaki ndani yake wanakuwa wadogo zaidi, wengine wembamba kama njiti ya kiberiti.

Kwa hiyo hakuna anayeishi kati ya Kalemie na Moba anayehitaji kuelezwa kwamba ziwa limechoka. Serikali nne zinazoligawana, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zimelisema hilo rasmi. Desemba 2021, chini ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura, zilikubaliana hatua za pamoja za kulinda uvuvi. Kubwa kuliko zote ni kusimamisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka, na mwaka 2024 tarehe zikapangwa: 15 Mei hadi 15 Agosti.

Nia ni njema, na gazeti lolote la mwambao huu lina haki ya kuiunga mkono. Kosa liko pa kuanzia. Amri ya kufunga ziwa zima inamgusa kwanza mvuvi wa katikati, anayekwenda mbali usiku na kurudi na ndakala waliokomaa, huku uharibifu mkubwa zaidi ukiendelea kando, kwenye maji yanayofika magotini, mchana kweupe, miezi yote kumi na miwili.

Ziwa lenyewe lina tabia zake. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha karibu mita 1,470, na takriban asilimia 45 ya eneo lake ni la Kongo. Wingi huo wa maji unadanganya macho, kwa maana sehemu kubwa ya kina hicho haina hewa na samaki hawezi kuishi humo. Samaki wote wamebanwa kwenye tabaka la juu. Chakula kinacholisha tabaka hilo hutoka chini, na kinachokipandisha ni upepo wa kusi wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba. Upepo huo husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kusini maji baridi yenye rutuba yakapanda kuziba nafasi. Mimea midogo ya majini huota, wadudu wa majini huila, ndakala huwala wadudu, na mukeke, ambao Kigoma wanawaita migebuka, huwala ndakala.

Maji ya juu yakipata joto, mzunguko huo hulegea, kwa kuwa maji yenye joto ni mepesi na hukataa kuchanganyika na ya baridi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba uzalishaji wa chakula ziwani ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, na kukadiria kwamba hilo lingepunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 wanasayansi waliochimba tope la chini ya ziwa na kuhesabu mabaki ya samaki walikuta kwamba kupungua kulianza kabla ya nyavu kubwa za biashara kuingia katikati ya karne ya 20. Mvuvi wa Moba anastahili kuambiwa jambo hili waziwazi. Anapoambiwa kwamba miezi mitatu ya kukaa bure itarudisha samaki wa enzi za babu yake, anaahidiwa kitu ambacho hakuna ofisi inayoweza kukitoa.

Hata hivyo, joto la dunia haliwezi kubebeshwa lawama zote. Sensa ya uvuvi ya mwaka 1995 ilihesabu wavuvi wapatao 45,000 kuzunguka ziwa lote. Ile ya 2011 ilikuta kama 95,000. Ziwa linalozalisha kidogo zaidi linadaiwa na watu maradufu. Upande wa Kalemie vita navyo vimeongeza watu: mapigano ya Watwa na Waluba ya 2016 na 2017 yaliwafukuza maelfu kutoka mashamba yao, na wengi wakaishia kando ya maji. Aliyeacha shamba nyuma hawezi kungoja mavuno ya mwakani. Ziwa linatoa chakula siku hiyohiyo, na kuligusa hakuhitaji hati wala mtaji.

Wala hakuhitaji wavu wa kununua. Kipo chandarua, mustikere, kinachogawiwa bure kwa ajili ya malaria. Utafiti wa mwaka 2014 katika vijiji vya ziwa hili upande wa Kongo ulikuta kwamba kaya zaidi ya nane katika kila kumi zilikuwa zimetumia vyandarua kuvulia. Vinashonwa viwili vitatu kuwa kimoja, watu wanakishika huku na huku na kukokota kuelekea mchangani. Tundu lake limetengenezwa kuzuia mbu, kwa hiyo hakuna kitoto cha samaki kinachopenya. Na pale kando, kwenye majani na maji ya mafuriko ya mito, ndipo watoto wa sangala wanapokulia kabla ya kwenda kina kirefu. Lumbu naye, aina mojawapo ya ndakala, hutaga karibu na kando. Beseni moja la vitoto hivyo, likishakaangwa, ni mboga ya jioni moja. Wangeachwa, wangekuwa kilo nyingi za samaki wa kuuza.

Lumbu huyo si samaki wa kudharauliwa. Mwaka 1959 alichukuliwa kutoka ziwa hili akapelekwa Ziwa Kivu, ambako leo anaitwa sambaza, na miaka ya 1967 na 1968 akapelekwa Ziwa Kariba, ambako kwa jina la kapenta ni chakula cha mamilioni ya Wazambia na Wazimbabwe. Ziwa lililowalisha wengine kwa mbegu yake halina sababu ya kukosa ulinzi kwenye kitalu chake.

Tazama sasa kazi ya katikati, ile ambayo amri inaanza nayo. Katamarani ni mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu ukiwa umeshushwa chini kama kikapu kikubwa. Giza likiingia taa zinawashwa. Zamani zilikuwa za mafuta ya taa, siku hizi ni za betri na sola. Wavuvi wanangoja saa nyingi. Ndakala hufuata mwanga, hukusanyika, maji yakaanza kuchemka kwa vichwa vyao, ndipo wavu unapovutwa juu kwa pamoja. Mbalamwezi ikishika anga taa hazina kazi, na mitumbwi inabaki mchangani. Nyavu zinashonwa, wengine wanapanda mlimani kulima, madeni ya mafuta na betri yanazungumzwa. Wavuvi hawa wanajua kupumzisha ziwa kila mwezi, na uchumi wa nyumba zao umejipanga kwa mapumziko hayo. Kusimama si kitu kigeni kwao. Kigeni ni kusimama siku tisini mfululizo bila unga, bila mkopo, na bila kusikia neno kuhusu mama aliyekwisha kukopa hela ili apeleke magunia ya ndakala Lubumbashi.

Mfano wa karibu upo. Ukisimama Kalemie ukatazama mashariki, milima inayoonekana ng'ambo siku ya anga safi ni ya Mahale, Tanzania. Katika vijiji vya eneo hilo, mradi wa Tuungane, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2010, umesaidia kamati za wavuvi, zile ambazo Tanzania inaziita BMU, kutenga mazalia ya samaki na kuyalinda wenyewe kwa doria na sheria ndogo za kijiji. Haikuwa lazima kufunga ziwa zima. Walifunga vipande vinavyojulikana, ambavyo mtoto wa kijiji anaweza kuvionyesha kwa kidole, na anayevunja mpaka anajulikana kwa jina la baba yake.

Kongo imechelewa hapo. Kwa miongo mingi uvuvi wake ulitegemea amri ya kikoloni ya Aprili 1937 kuhusu uwindaji na uvuvi, iliyoandikwa kabla ya nyavu za nailoni na kabla ya chandarua cha bure. Mvuvi wa Moba anajua kodi na vikaratasi vya vizuizini kuliko anavyojua kifungu chochote cha kulinda samaki. Fedha anazotoa zingesaidia kulipa doria ya kijiji chake, kama sehemu yake ingerudi kijijini.

Basi mkoa wa Tanganyika uanze na kilicho ndani ya uwezo wake. Midomo ya mito, kama Lufuko kule Mpala na Mulobozi pale Moba, ifungwe mwaka mzima kwa kila aina ya wavu wa kukokota. Vyandarua vigawiwe pamoja na nyavu halali za bei ya ruzuku, maana kumnyang'anya mtu mustikere bila kumpa kingine ni kumpeleka akavue usiku kwa kujificha. Kufunga katikati kuje baada ya hapo, kwa tarehe moja katika nchi zote nne, na bajeti ya chakula na mikopo itangazwe kabla ya Mei kufika. Kwa wauzaji wa Kirungu tangazo la miezi minne mapema lina thamani kubwa: anayejua atanunua na kukausha akiba yake Machi na Aprili, asiyejua atafungiwa na deni.

Mipaka ya mazalia haihitaji mtaalamu kutoka Kinshasa ili ianze kuchorwa, ingawa watafiti wa kituo cha elimu ya maji cha Uvira wangefaa sana kuihakiki. Kikao cha kwanza kinaweza kuitishwa Moba Port wiki ya mbalamwezi, wavuvi wote wakiwa nchi kavu, akina mama wa soko wakiwa na viti vyao, na kikawa na maswali matatu tu: eneo la Mulobozi linaanzia wapi, linaishia wapi, na nani atashika daftari la faini.