RIWAYA ZA HOFU ZISIFUNGIWE KABATINI

Mtu wa Unguja au Pemba ashukapo bandarini Dar es Salaam, mara nyingi safari yake huwa ni moja tu, nayo ni Kariakoo. Huenda kutafuta vitambaa, vyombo, vipuri na viatu vya watoto wa shule, kisha hurejea na mafurushi yake kuiwahi boti. Njiani hupita mbele ya vijana waliotandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai kando ya barabara, na wengi wetu hupita pasipo kuinama. Leo tunapenda kusema juu ya vitabu hivyo, na hasa aina moja ambayo viongozi wetu wengi hawaitazami kwa jicho jema: riwaya zinazobuni dunia ijayo, na zile zinazoonyesha nchi iliyogeuka gereza huku wananchi wake wakiimbishwa kwamba wako huru.

Kitabu cha George Orwell kiitwacho Animal Farm kilitoka Uingereza mwaka 1945. Ndugu Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama, kikachapwa Nairobi mwaka 1967. Mwaka huohuo ndio wa Azimio la Arusha. Hatudhani kwamba mchapaji alikusudia kejeli yoyote, lakini wasomaji wa mwambao walikipokea kitabu hicho katika majira ambayo kila neno lake lilikuwa na mwangwi. Humo yumo farasi mchapa kazi, ambaye kila shida ikizuka hujiapiza kuongeza juhudi. Siku mapafu yake yanaposhindwa, wakubwa wa shamba humuuza kwa mchinjaji na fedha wakanywea ulevi. Asomaye ukurasa huo Ulaya humwonea huruma mnyama. Lakini asomaye akiwa ameketi juu ya gunia katika Mtaa wa Kongo, huku mahamali wakipita mbele yake na mikokoteni, migongo imepinda na jasho likitiririka, hana nafasi ya kudhani kuwa anasoma habari za farasi. Kilio kinachomjia hapo kina anwani.

Ndivyo zilivyo riwaya hizi zote zikifika kwetu. H. G. Wells, katika The Time Machine ya mwaka 1895, alibuni dunia ambayo watu wa juu wanacheza na kula matunda, na watu wa chini ya ardhi wanaendesha mitambo gizani. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Ndugu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilijengwa na sehemu yake ya shimoni, na juu yake paa la zege lenye maumbo kama miavuli iliyopinduliwa. (Tangu hapo, yeyote aliyedai kwamba Mwafrika hana mawazo ya dunia ijayo angepaswa kupelekwa akalitazame paa lile.) Kijana aliyekulia shimoni mle, kabla ya moto wa Julai 2021, hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia Wells. Alijua kwa pua yake tofauti ya hewa ya chini na hewa ya juu.

Na tuitaje Nineteen Eighty-Four, ambayo Orwell aliitoa mwaka 1949, miezi michache kabla ya kufa kwake. Wasomaji wa nchi tajiri wametishwa zaidi na ile mitambo ya kumwangalia mtu chumbani mwake. Sisi tunaona kwamba msomaji wa kwetu huguswa kwanza na jambo dogo zaidi: wembe. Mhusika mkuu hunyolea wembe mmoja kwa majuma kadhaa, kwa kuwa nyembe hazipatikani, huku mtambo wa ukutani ukitangaza kwamba uzalishaji umevuka malengo. Waliokuwa watu wazima Unguja na Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanazikumbuka foleni za chakula. Waliokuwapo Dar es Salaam mwaka 1983 wanaikumbuka kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, wanakumbuka sukari na sabuni zilivyonong'onezwa kama siri, na wanaikumbuka Nguvu Kazi, pale watu wasio na vitambulisho vya ajira walipokamatwa mitaani na kupelekwa mashambani. Aliyepitia hayo akisoma kitabu hicho, hofu yake si ya mambo yajayo. Ni hofu ya kukuta kwamba mtu asiyewahi kumwona aliyajua mambo ya nyumbani kwake. Humo mna uchungu, lakini mna na faraja pia, kwani anatambua kuwa hakuwa mwendawazimu alipohisi yale aliyoyahisi.

Yafaa ieleweke kwamba si bidhaa ya kuagiza tu. Marehemu Euphrase Kezilahabi, mtu wa kisiwa cha Ukerewe, ambaye Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni kwa kipindi, aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, zote zikitolewa na matbaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika hii ya pili, dunia imekwisha kuunguzwa na bomu, na mtu anatembea katika magofu akitafuta maana. Ni vitabu vigumu, tusidanganyane. Wengi waliviacha katikati. Lakini aliyevimaliza hubaki na ukiwa ambao haumtoki upesi. Katama Mkangi wa pwani ya Kenya, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alitoa Walenisi mwaka 1995, riwaya ya mtu aliyehukumiwa kufa akarushwa angani katika chombo na kuifikia nchi nyingine. Lisome jina la kitabu polepole utaona linasema nini.

Lililo karibu zaidi na wasomaji wetu wa maofisini ni Babu Alipofufuka, la mwaka 2001, la Profesa Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar. Humo mkubwa mmoja, aitwaye K tu, anajiwa na babu yake aliyetoka kaburini, naye anamchukua na kumwonyesha hali ya watu ambao yeye K amezoea kuwapita ndani ya gari lililofungwa vioo. Kwa maoni yetu, hakuna ripoti ya tume yoyote inayoweza kumfanyia mtumishi wa umma kazi inayofanywa na kitabu hiki. Ripoti humpa takwimu, akatia saini. Babu humfanya aone haya.

Wapo wanaosema riwaya za namna hii huwavunja vijana moyo, na kwamba taifa linalojenga linahitaji hadithi za matumaini. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, maana ni kweli kwamba mwanafunzi wa miaka kumi na saba anaweza kufunga Nineteen Eighty-Four akaona kila juhudi ni bure. Lakini kinachomvunja moyo kijana ni kulipata jambo maishani akakosa neno la kuliita. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipokatika nchini na amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam, Kariakoo iliyozoea kelele usiku na mchana ilinyamaza. Watu wengi walikaa ndani na simu zisizosema. Aliyekuwa amewahi kusoma riwaya moja ya namna hii alikuwa na kipimo cha kupimia ukimya ule: alijua wapi unafanana na wa kitabuni na wapi haufanani. Asiyesoma alibaki na uvumi. Serikali yenye busara ingependelea kuwa na wananchi wa aina ya kwanza, hata kama maswali yao ni mengi.

Sisi wenyewe twaamini kwamba hatari ya leo imo zaidi katika Brave New World ya Aldous Huxley, ya mwaka 1932, kuliko katika Orwell. Kwake, watu hawahitaji kuchungwa. Wamepewa starehe hata wamesahau kudai. Atazamaye vijana na wazee waliojiinamia juu ya simu katika boti kutoka Malindi hadi Dar es Salaam atatuelewa.

Kwa hiyo tuna machache ya kuiomba Serikali, ya Muungano na ya Mapinduzi. Machinga walipoondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam mwaka 2021, hoja ilikuwa ni usafi na nafasi ya kupita. Basi Jiji la Dar es Salaam liwatengee wauza vitabu vikuukuu mahali pa kudumu pale Mnazi Mmoja, si mbali na Maktaba Kuu aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967, ili mwenye shilingi chache na asiye na shilingi wote wapate cha kusoma. BAKITA na BAKIZA waweke fungu la kutafsiri riwaya hizi kubwa kwa Kiswahili kilichokomaa. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, imekwisha kuonyesha kwamba dola ikitaka kumtunza mwandishi haikosi njia. Nagona na Mzingile zichapwe tena kwa bei ya mkulima. Na maofisa wanaoandaa makisio ya mwaka ujao wanunue nakala ishirini za Babu Alipofufuka: kumi ziende maktaba za Unguja na Pemba, na kumi ziwekwe katika vyumba vya kusubiria vya wizara, ambako wananchi hukaa saa nyingi, na wakubwa nao hupita.