Chembe Ndogo za Dawa na Safari Ndefu ya Mgonjwa wa Mloka

Habari za chembe za nano, yaani vibebeo vidogo mno vinavyokusudiwa kuifikisha dawa kwenye uvimbe wa saratani, zimewapa matumaini wengi wanaouguza ndugu zao majumbani. Matumaini hayo ni halali. Hata hivyo, waamini wanastahili kuelewa ni nini kimekwisha kupatikana, nini bado kinatafutwa, na familia ya Mloka, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, itarajie nini leo.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Dawa za saratani zikiingia katika damu huenea mwili mzima, zikiua seli za ugonjwa na kujeruhi pia zilizo nzima. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, kinywa hutoka vidonda, na dawa kama doksorubisini huweza kudhuru moyo. Mwaka 1986, wanasayansi wa Japani Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, hivyo chembe za ukubwa fulani huweza kupenya na kubaki humo. Mwaka 1995, Marekani iliidhinisha doksorubisini iliyofungwa ndani ya viputo vya mafuta vyenye upana wa takriban nanometa 100, vyembamba kuliko unywele mara mia kadhaa. Ilianza kutumika kwa saratani ya Kaposi, inayofahamika sana Afrika Mashariki. Dawa hiyo huupunguzia moyo madhara, ingawa huweza kuchubua viganja na nyayo.

Je, tatizo limekwisha? Hapana. Uchambuzi wa tafiti za miaka kumi, uliochapishwa mwaka 2016, ulionesha kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya chembe zilizodungwa kwa wanyama wa maabara ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Nyingine nyingi hunaswa na ini na wengu. Utafiti unaendelea, na Waafrika wamo: Profesa Hulda Swai wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, amejitoa kwa miaka mingi katika tiba za nano, hasa dhidi ya kifua kikuu na malaria.

Lakini chembe hubeba dawa ndani ya mwili tu. Ni nani atakayembeba mgonjwa? Kutoka Mloka hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road ni zaidi ya kilometa 200, na mafuriko ya Aprili 2024 yalitukumbusha jinsi bonde la Rufiji linavyoweza kukatika na dunia. Tiba ya mionzi huhitaji siku nyingi, kwa majuma kadhaa. Mama asiye na ndugu Dar es Salaam atalala wapi? Nani atawatunza watoto na shamba? Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekomaa, wakati hata dawa bora kabisa huweza kukosa nguvu.

Katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alishukuru kwa maendeleo ya tiba, akionya pia kwamba teknolojia iliyotengwa na maadili haiwezi kwa urahisi kujiwekea mipaka. Msamaria Mwema hakuishia kumimina mafuta na divai juu ya majeraha. Alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akalipa gharama. Dawa, usafiri, malazi na fedha vilikuwa tendo moja la huruma.

Basi jumuiya ndogo ndogo na WAWATA wanaweza kuanza sasa: kuwahimiza akina mama kupima saratani ya mlango wa kizazi, kipimo ambacho huweza kufanywa kwa siki, kuhakikisha mabinti wa miaka 9 hadi 14 wanapata chanjo ya HPV, ambayo tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja, na kutenga mfuko wa nauli, pamoja na familia mjini ziwapokee wagonjwa, Wakristo kwa Waislamu. Wanasayansi wafanye sehemu yao. Sehemu hii ni yetu.