Duka Likiuzwa, Mfanyakazi Aambiwe: Barua ya Wazi kwa Wizara ya Kazi, Juba

Mheshimiwa Waziri,

Suala linaloletwa mbele ya Wizara kwa barua hii ni la maduka ya rejareja ya Juba, hususan yale ya Buluk na mitaa jirani, ambayo yanapouzwa au kupata meneja mpya huwa hatarini kuwapoteza kwanza wafanyakazi yanaowahitaji zaidi. Wataalamu wa uongozi huliita hilo tatizo la udumishaji wa wafanyakazi, yaani kushindwa kwa mwajiri kuwafanya watu aliokwisha kuwafunza wabaki kazini kwa hiari yao wakati biashara inapobadili mmiliki, muundo au utaratibu wake.

Thamani ya watu hao haionekani katika daftari la mahesabu. Keshia aliyezoea kaunta huhesabu mafungu ya noti za pauni yaliyofungwa kwa mipira huku foleni ikisonga, huitambua dola ambayo wafanyabiashara wataikataa kwa sababu ni ya toleo la zamani au imechanika kidogo, na humhudumia mteja mmoja kwa Kiarabu cha Juba na anayemfuata kwa Kiswahili. Mtunza stoo naye hujua ni unga gani utakaoisha kabla malori hayajavuka Nimule, mpaka ambao sehemu kubwa ya bidhaa za mji huu huupitia zikitoka Uganda na bandari ya Mombasa. Ujuzi huo haufundishwi kwa wiki mbili.

Kinachowaondoa si mshahara peke yake, ingawa mshahara una historia nzito: Desemba 2015, serikali ilipoiachia pauni ifuate soko, kiwango rasmi kiliruka kutoka takriban pauni 3 hadi zaidi ya 18 kwa dola moja, na aliyelipwa kwa pauni akaona ujira wake ukiyeyuka mkononi. Mahali palipopita mtikisiko wa namna hiyo, meneja anayenyamaza huwaachia wafanyakazi uvumi, nao hodari zaidi, ambao ndio wenye pa kwenda, hutangulia kuondoka. Wizara yenyewe inakumbuka Septemba 2014, pale waraka ulioagiza wafanyakazi wa kigeni waondolewe kufikia katikati ya Oktoba ulipozua taharuki hata katika nchi jirani, serikali ikalazimika kuufafanua na kuulegeza.

Nchi jirani zimekwisha kuonja matokeo ya maduka kufungwa au kubadili mmiliki. Nakumatt, iliyokuwa na maduka Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, ilifikia hali ya rafu tupu mwaka 2017, ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Uganda nako, Shoprite ilipoondoka mwaka 2021, maduka yake 6 yalichukuliwa na Carrefour. Makabidhiano kama hayo yanaweza kufika Juba wakati wowote, kwa kuwa Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016 na mitaji ya kanda haitaishia Nimule.

Kwa hiyo Wizara inaombwa itumie mamlaka yake, sambamba na Sheria ya Kazi ya 2017, kutoa waraka unaomtaka kila mwenye duka anayeuza au kufunga tawi awaarifu wafanyakazi kwa maandishi angalau mwezi mmoja kabla, aeleze nani atalipa malimbikizo ya mishahara, na aseme iwapo miaka ya utumishi itahesabiwa chini ya mmiliki mpya au italipwa na anayeondoka. Meneja mpya naye atakiwe kukutana na wafanyakazi katika wiki yake ya kwanza, awasikilize kabla ya kupanga upya zamu na vyeo, kwa maana heshima hiyo haigharimu chochote na ndiyo inayokosekana zaidi.

Waraka huo uandikwe kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na ubandikwe mahali ambapo keshia ataweza kuusoma kabla ya kufungua kaunta.