Tuwahesabu pia walioachwa njiani



Matokeo ya mtihani wa serikali yanapotangazwa, Bukavu huimba, na vivyo hivyo Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu chenye sheferi mbili tu, Rubenga na Ntambuka. Hapo shule hupangwa kwa asilimia ya waliofaulu: hii ni bora, ile ni dhaifu.

Mwalimu aliyefundisha vema anastahili sifa hiyo. Hata hivyo, kipimo hakitoshi. Tuseme darasa lilianza sekondari na wanafunzi 40. Waliofika kwenye mtihani ni 10, nao wote wakafaulu. Karatasi itaandika 100%, na wale 30 hawamo. Wako wapi? Wengine wamehama, wengine wanavua, wanalima, wameolewa, au walirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inaahidi elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, na utekelezaji ulianza mwaka 2019. Sekondari haimo katika ahadi hiyo, na hapo ndipo mzazi wa kijijini hulemewa.

Kwa hiyo, kila kundi la vijana liulize katika shule iliyo jirani: wangapi walianza? Wangapi wamebaki? Nani hakurudi baada ya mapumziko ya Noeli? Kisha liende kwao kabla jina halijafutwa. Shule inayomrudisha mmoja darasani imefanya kazi ambayo asilimia haiisemi.