Fundi Akalitengeneza!

Vijana wenzangu wenye kalamu, leo tuambiane ukweli. Kuna sentensi moja nimechoka kuisoma: "Trekta likaharibika, fundi akalitengeneza." Basi! Mhusika kapanda, kaenda zake shamba. Eti hiyo nayo hadithi?

Kimeharibika nini? Kimetengenezwa vipi? Chukueni Ferguson TE20 ya petroli, trekta dogo la kijivu lililoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. Mkono wa mafuta uko karibu na usukani. Ukiusogeza, nguvu haiendi moja kwa moja kwenye kabureta. Inapitia kwa gavana, ambaye kazi yake ni kuilinda kasi ya injini jembe linapokutana na udongo mgumu. Miaka ikipita, pini zinalika na matundu ya viungo yanapanuka. Unasogeza mkono, injini haisikii.

Hapo ndipo fundi mvivu huchukua waya, akafunga toka mkono hadi kabureta, gavana kaachwa pembeni. Injini inaunguruma, mwenye trekta anacheka, analipa. Kesho jembe likizama, injini inakata pumzi. Likiinuliwa, inavuma kama ina wazimu. Fundi wa kweli hulehemu lile tundu, akalitoboa upya, akatia pini mpya, halafu akarekebisha urefu wa vyuma mpaka mkono na kabureta vikaelewana.

Na choki je? Ni kibati tu, kinachobana hewa mdomoni mwa kabureta ili injini baridi ipate petroli ya kutosha kuwaka. Kikinasa kwa kutu, hakifunguki tena: moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, petroli inakwisha bure, na mvua hizooo zinakuja.

Sasa niambieni, humo hamna fasihi? Mna uvivu, mna hila, mna subira, mna njaa ya familia nzima. Wengine mtajitetea kwamba Kiswahili hakina maneno ya mitambo. Acheni longolongo! Nendeni gereji mkasikilize. Choki, kabureta, plagi, springi, spana: mafundi wanaelewana siku nzima, wala hawakungoja ruhusa ya mtu.

Mimi nasema hivi: mwandishi anayeandika "fundi akalitengeneza" naye kafunga waya. Hadithi inaunguruma kidogo, msomaji anadanganyika, lakini mzigo ukija haivuti. Kabla hujatuletea mswada mwingine, kaa na fundi mmoja kutwa nzima. Uliza kila chuma kinafanya nini. Kisha ndiyo uandike.