SOKO LA NDEGE LIKIKUA, NASI TUKUE NALO



Mwezi wa Novemba 2021, ndani ya ndege ya Uganda Airlines iliyokuwa ikitoka Entebbe kwenda Dubai, abiria walionekana wakiuza nsenene kwa abiria wenzao, wakipita katikati ya viti na mfuko wa plastiki kana kwamba wako katika kituo cha mabasi hapa Kampala. Picha zikaenea, polisi wakakamata watu, na shirika lenyewe likasema huenda likaingiza nsenene katika chakula chake. Nchi nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini nilipomaliza kucheka nilijiuliza: je, wale wachuuzi hawakuona jambo ambalo viwanda vyetu vingi bado havijaliona? Waliona kwamba ndege ni soko. Waliomo ndani wanakula, wanakunywa, wanafuta mikono, wanajifunika blanketi, na kila kitu hicho kimetengenezwa na mfanyakazi fulani mahali fulani.

Siku hizi katika mikutano na waajiri tunasikia sana habari za kuuza nje kwa njia ya soko la ndege. Wanachama wengine huniambia, "Ndugu, hayo ni mambo ya wakubwa. Sisi hatujapanda hata ndege moja." Nawaambia hapana. Jambo hili ni letu, na tukilala litapita juu ya vichwa vyetu kama ndege zenyewe zinavyopita.

Kwanza tutazame soko lenyewe. Uwanja wa Dubai peke yake ulipitisha abiria zaidi ya milioni 92 mwaka 2024, na mwezi wa Aprili mwaka huo huo wenyewe waliidhinisha kupanua uwanja wao wa pili ili mwishowe uweze kupokea abiria milioni 260 kwa mwaka. India, ambako ndege yetu inakwenda Mumbai tangu Oktoba 2023, kampuni mbili tu ziliagiza ndege karibu 1,000 katika mwaka 2023: Air India 470 na IndiGo 500. Karibu nasi zaidi, Ethiopian Airlines ina ndege zaidi ya 140, na nchi ile imekusudia kuwa na uwanja mpya karibu na mji wa Bishoftu wa kuhudumia abiria milioni 60 kwa mwaka katika hatua ya kwanza. Sisi tulifufua shirika letu Agosti 2019 kwa ndege ndogo, zikafika 4, kisha zikaongezwa kubwa 2. Hatuwezi kushindana nao kwa wingi wa ndege. Lakini mwenye duka dogo anaweza kumwuzia mkate mwenye hoteli kubwa.

Tuwauzie nini? Hapa yafaa tuseme ukweli. Chuma cha injini hatutawauzia kesho. Kila kipande kinachofungwa katika ndege husafiri na cheti chake kinachoonyesha kimetengenezwa na nani na kimekaguliwa na nani. Hata kitambaa cha kiti lazima kipimwe kwa moto kwanza. Soroti tuna chuo cha urubani na ufundi wa ndege kilichoanzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya kwanza, na vijana wakisomeshwa vizuri huko, siku moja hata kazi hiyo tutaipata. Ila siku hiyo bado.

Lakini ndege hainunui chuma tu. Inanunua chai, kahawa, sukari, maji ya chupa, minofu ya samaki, matunda, njugu, asali, sabuni, sare za wahudumu, vitambaa vya meza, maboksi ya kufungia. Nani kati yetu hajui kutengeneza mojawapo? Jinja wamekuwa wakifuma nguo tangu miaka ya 1950. Mashamba ya chai yako Magharibi, miwa iko Busoga na Masindi, mananasi yako Kayunga na Luwero, kakao iko Bundibugyo. Kinachotushinda ni kwamba tunauza kwa gunia. Chai yetu inateremka Mombasa mnadani, huko inachanganywa na chai za wengine na kupewa jina la watu wengine. Kahawa yetu karibu yote hutoka nchini bila kukaangwa. Abiria aliye juu ya Bahari ya Hindi anakunywa jasho la mchumaji wa Bushenyi wala hajui. Anayelipwa vizuri ni yule aliyekaanga, aliyesaga, na aliyetia katika kipakiti chenye jina lake. Basi kupeleka kipakiti badala ya gunia maana yake ni kazi zaidi ndani ya viwanda vyetu: mkaangaji, mpakiaji, fundi wa mashine, mpimaji wa ubora. Hiyo ndiyo faida ninayoitaka, na ndiyo maana siwapingi waajiri wanapolitafuta soko hili. Walitafute.

Ila nina neno moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Soko la ndege ni tamu, lakini ni soko la haraka na la hofu. Likitikisika, wa kwanza kuanguka ni mfanyakazi.

Haya sikuyasoma kitabuni. Mwaka 1999 nilikuwa kijana wa miaka 19, nikikata minofu ya mputa katika kiwanda kimoja kando ya ziwa. Minofu ile mibichi ilikuwa ikipelekwa Entebbe na kupandishwa ndege usiku, na siku ya pili yake iko Ulaya. Tulijivuna. Kisha kukasikika kwamba wavuvi wengine wanatia sumu ziwani ili wapate samaki upesi, na soko la Ulaya likafungwa. Asubuhi moja tulifika langoni tukakuta karatasi imebandikwa. Hakuna aliyetuita mkutanoni. Hakuna aliyetulipa hata wiki moja ya notisi, kwa kuwa sote tulikuwa vibarua wa kutwa, na kibarua wa kutwa hana notisi. Soko lilifunguliwa tena mwaka 2000. Kiwanda nacho kikafunguliwa, lakini wengi wetu hawakuitwa tena. Mama mmoja tuliyekata naye meza moja alikuwa ameuza cherehani yake ili watoto wale. Sumu hakutia yeye. Kosa alilolipia halikuwa lake.

Mwezi wa Aprili 2010 mlima wa moto ulilipuka Iceland, nchi ambayo wengi wetu hatukujua iko wapi. Majivu yakafunga anga ya Ulaya kwa siku kadhaa. Kule Kenya maua yakaozea ghalani, na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba yake wakaambiwa wabaki nyumbani. Mwaka 2020 ikaja korona. Uwanja wa Entebbe ukafungwa kwa abiria tangu Machi mpaka tarehe 1 Oktoba. Ndege za mizigo ziliruhusiwa, lakini wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya mizigo ya ndege husafiri ndani ya tumbo la ndege za abiria, chini ya miguu ya watu. Abiria wakikosekana, nafasi ya mizigo inapungua na nauli yake inapanda. Mara hiyo mashamba yakapunguza watu.

Tazameni basi. Mara ya kwanza sumu, mara ya pili majivu, mara ya tatu ugonjwa. Hakuna hata moja lililoletwa na mfanyakazi, na mara zote mfanyakazi ndiye aliyelipa. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Je, tutakubali mara ya nne?

Najua jibu la waajiri, maana nimelisikia mezani mara nyingi. Wanasema: "Mkidai sana, bei yetu itapanda na mnunuzi atakwenda Kenya au Ethiopia." Siwezi kusema maneno haya ni uongo mtupu. Mnunuzi wa nje kweli anaweza kuhama. Lakini tuulize anahama kwa sababu gani. Soko la samaki halikufungwa mwaka 1999 kwa sababu wakata minofu walilipwa mno. Lilifungwa kwa sababu ya hofu ya sumu. Mnunuzi wa chakula cha ndege anaogopa vitu viwili: uchafu na kuchelewa. Trei moja ikiugua, ndege nzima inaugua, na ndege haimngoji mtu. Sasa niambieni, ni nani anayelinda usafi na saa? Ni mfanyakazi mzoefu, aliyefundishwa, anayejua kwamba mwaka ujao bado atakuwapo. Kibarua aliyeokotwa langoni leo na kufukuzwa kesho hawezi kulinda sifa ya kiwanda, kwa kuwa kiwanda hakijamlindia lolote.

Tena tusidanganyane juu ya mshahara. Kima cha chini cha sheria katika nchi hii ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Leo fedha hiyo haitoshi hata nauli ya wiki. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuleta kima kipya, Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo mtu asitungoje sheria itutetee. Kilichobaki ni mapatano ya pamoja. Na tunajua yanawezekana. Mwaka 2010 vyama vya wafanyakazi wa mashamba ya maua vilitia sahihi mapatano na chama cha waajiri wao, na maua hayakuacha kusafiri kwa sababu hiyo. Wala mapatano si mwisho wa mapambano. Mwaka 2016, katika shamba moja la maua, wafanyakazi wengi walipelekwa hospitali baada ya kuvuta hewa ya dawa ya kuua wadudu wa udongo. Karatasi bila macho ya chama ni karatasi tu.

Kwa maoni yangu, kila tawi ambalo mwajiri wake anatafuta tenda ya mashirika ya ndege au anapeleka mzigo kwa ndege lidai mambo manne, na liyadai kabla ya tenda kutiwa sahihi, siyo baada yake.

La kwanza, wawakilishi wa wafanyakazi waonyeshwe oda: ni ya muda gani, inahitaji watu wangapi. Oda ya miaka miwili haiwezi kujazwa na vibarua wa kutwa. Wapewe barua za kazi.

La pili, mafunzo. Mnunuzi akidai cheti cha usafi, cha halali au cha ubora, gharama ya kumfundisha mfanyakazi iwe ya kiwanda, na aliyefundishwa apandishwe daraja. Mtu asitumie ujuzi mpya kwa mshahara wa zamani.

La tatu, saa za usiku. Ndege nyingi za Ulaya huondoka Entebbe usiku, na hivyo kufunga mzigo huwa kazi ya jioni na usiku. Saa za ziada zilipwe kama saa za ziada, na gari liwarudishe watu nyumbani. Wengi katika mashamba ya maua ni wanawake, na barabara ya saa tano usiku wote tunaijua.

La nne, na kwangu ndilo kubwa, akiba ya siku za msukosuko. Kwa kila shehena inayopaa, mwajiri aweke kiasi kidogo kilichokubaliwa katika mfuko unaosimamiwa na pande mbili. Anga ikifungwa tena, mfanyakazi apate sehemu ya mshahara wake, na kazi ikianza tena, waliokuwapo waitwe kwanza. Mwajiri anakatia bima mzigo wake. Itakuwaje boksi la samaki liwe na bima, na mikono iliyolifunga isiwe nayo?

Nasi pia tuna wajibu. Hatuwezi kudai nafasi mezani huku tukinawa mikono nusu nusu, au tukinyamaza tunapoona mwenzetu anatia samaki walioharibika katika boksi. Aliye na aibu ya kusema leo atalia na wote kesho. Tena tulipe ada za chama, tuhudhurie mikutano, na viongozi wetu waandikiane na wenzao wa Naivasha na Addis Ababa, ili mwajiri asipate nafasi ya kututisha sisi kwa wao na wao kwa sisi. Anga ni moja, na anayenunua ni yule yule.

Wazee hutukumbusha kwamba mwezi wa Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti duniani kubeba abiria wa kulipa, iliyotoka London kwenda Johannesburg, ilitua Entebbe njiani. Watu wa hapa waliitazama ikija, ikanywa mafuta, ikaenda zake. Zaidi ya miaka 70 imepita. Nisingependa wajukuu wetu waseme kwamba na sisi tulisimama tukatazama tu.

Waajiri watafute soko, nasi tutawasaidia kulishika. Lakini siku ya kutia sahihi, kiti cha mfanyakazi kiwepo mezani.

Umoja ni nguvu.